Kungoja Wageni Rågsved

Siku ya kwanza kukutana na Onesphore alinipulizia filimbi kana kwamba mimi ni mwizi.

Nilikuwa nimemaliza kudeki ngazi za jengo moja kule Vasastan, katikati ya Stockholm, ndoo mkono huu, dekio mkono ule, nimeusukuma mlango wa mbele kwa kiuno na mguu wangu wa kwanza uko hewani. Filimbi ikalia mpaka meno yakaniuma. Mwanamume mweusi, mrefu, amevaa kofia ngumu na kizibao cha reflekta, anakuja mbio amenyoosha kiganja. Akanifokea kwa Kiswidi: simama hapo hapo! Nami nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, "Mzee mzima na filimbi mdomoni kama refa wa mechi ya shule."

Pande la theluji likaporomoka kutoka paani, likatua mbele ya pua yangu kwa kishindo cha gunia la mahindi linaloshushwa kwenye lori.

"Refa kaokoa goli," yule mwanamume akasema. Kwa Kiswahili. Na si Kiswahili cha kujifunza kwenye simu, ni Kiswahili cha Kasulu, cha watu wangu kabisa.

Nikaweka ndoo chini. "Wewe ni wa wapi?"

"Mrundi. Lakini nimekaa kambini kwenu miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Rudi ndani, dada, lingine linakuja."

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Kwa wasioujua mji huu, niwaeleze kazi yake. Theluji ikizidi juu ya mapaa ya Stockholm, vijana hupanda wakiwa wamejifunga kamba viunoni, wanaisukuma chini kwa machepe. Huku barabarani lazima asimame mtu wa kuzuia wapita njia, kwa sababu pande moja la barafu kutoka ghorofa ya sita halimwachi mtu na shingo yake. Basi mtu huyo ndiye Onesphore. Kutwa anatazama juu, akiona kitu kinakuja anapuliza. Mswidi ukimsimamisha hakuulizi kwa nini, wala hakutukani. Anatoa simu, anaitazama, anangoja, anapita. Hata hakukumbuki.

"Nimekuja Stockholm kutafuta watu," aliniambia baadaye, "na kazi niliyoipata ni ya kuwazuia wasinikaribie."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi pia nilicheka. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi zangu nilizokwisha kuzideki, tunakunywa chai kutoka kwenye chupa yake, na soksi zake zinafuka mvuke juu ya bomba la joto. Ukawa ndio mtindo wetu wa Desemba yote. Mitaa ile ilikuwa na kazi yake na kazi yangu pia, na saa yangu ya kupumzika ikifika nilikuwa namtafuta kwa kusikiliza filimbi inalia wapi.

Habari zake nilizipata kidogo kidogo, chai kwa chai.

Onesphore alitoka Rutana, Burundi, akiwa kijana, akakimbia na wenzake, akaishia kambini upande wetu wa Kigoma. Huko huko akamwoa Léontine. Hawakujaliwa mtoto. Siku moja wakaitwa, wakaambiwa mmepata nchi, nchi yenyewe Uswidi. Wakadhani Uswidi ni mji mmoja. Wakapelekwa Östersund, kaskazini kabisa, mahali ambapo ziwa linageuka barabara na magari yanapita juu yake, na baridi ikikaza, kope zinashikana ukifumba macho.

"Mlilia?" nilimwuliza.

"Léontine alilia wiki ya kwanza. Ya pili akanunua kofia."

Kule akapata kazi ya kuendesha trakta ndogo ya kusukuma theluji kwenye nyumba za kupanga. Anaamka alfajiri watu wamelala, anafungua njia, na wakiamka wanakuta njia imefunguliwa. Bosi wake, Mikael, si mtu wa maneno, lakini kila Krismasi alikuwa anawaletea nyama ya swala wa kule ameiwinda mwenyewe, anaiacha mlangoni ndani ya mfuko na kuondoka kabla hawajamshukuru. Onesphore alikuwa akiisifu baridi ya kule mpaka mtu unachoka. Eti ni kavu. Eti haikuingii. Eti hata jua lisipotoka, theluji yenyewe inamulika, unaweza kutembea bila taa. Siyo kama hapa kwetu, alisema, mahali ambapo theluji inaanguka asubuhi nyeupe, ikifika adhuhuri ni uji wa kijivu, na saa tisa mchana ni giza kama ndani ya kiatu.

"Sasa kama kule ni peponi, umefuata nini huku?" nilimwuliza. Mimi siwezi kusikiliza mtu anasifu mahali alipopakimbia.

Akaifunga chupa ya chai. Halafu akasema amekimbia kwa sababu ya maziko.

Léontine alikufa majira ya baridi yaliyopita, kifua. Ardhi ilikuwa imeganda, wakaipasha moto kwanza ndipo mashine ikaweza kuchimba. Waliokuja kumzika walikuwa Mikael na mkewe, mchungaji, muuguzi mmoja, na wanawake wawili wa kwaya wasiojua hata kutamka jina la marehemu. Kwao Rutana, akifa hata mtu aliyekuwa anachukiwa, kilima kizima kinajaa. Wanawake wanapika, wanaume wanakaa nje siku nyingi, hakuna anayekuacha peke yako na kitanda kitupu. Onesphore alirudi nyumbani siku ile, akavua viatu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kaa chini. Akakaa mwenyewe.

"Nikajiambia, nikibaki hapa, mimi nitazikwa na Mikael peke yake," alisema. "Mikael ni mtu mzuri. Lakini hajui kuimba."

Kazini wakampa ruhusa ya miezi mitano: akajaribu kwingine, asipopaweza arudi. Nafasi yake kwenye trakta ingemngoja mpaka mwisho wa Februari. Alikuwa amesikia Stockholm Warundi wamejaa, wana kanisa lao, wana vikundi, wanaoana na kuzikana. Oktoba akashuka na mabegi yake. Mrundi mmoja aliyekwenda kufanya kazi Norwei akampangisha nyumba yake ya Rågsved, kusini, mwisho mwisho wa njia ya kijani ya treni. Ikabaki jambo moja tu la kuamua: kama huku atapata watu, abaki, kama hapati, arudi.

Na hapo ndipo makosa yalipoanza, na makosa yenyewe ni ya kwao, hakuna mtu mwingine angeweza kuyafanya.

Jinsi alivyolelewa Onesphore, mtu akihamia nyumba mpya hamwiti mtu. Watu wanakuja wenyewe kuiona nyumba. Wanakuja na bia, na sukari, na unga, wanakaa, wanakagua vyumba, wanasema nyumba nzuri hata kama ni mbaya. Na wasipokuja leo watakuja kesho. Lakini wewe mwenye nyumba ukiwaita, umeomba zawadi. Umejidhalilisha, na umewatukana kwamba hawana adabu ya kuja wenyewe.

Basi akanunua viti. Akanunua sufuria la kupikia harusi. Kila Jumapili alikuwa anakwenda kanisani Rinkeby, kwenye ukumbi wanaoukodi, anasalimiwa kwa kukumbatiwa, Emérithe, kiongozi wa akina mama, anamwambia, "Papa Onesphore, tutakuja kukuona!" Naye anajibu, "Karibuni sana." Halafu anawahi treni, anafika Rågsved, anabandika maharage na ndizi, anavaa shati safi, anangoja.

Oktoba ikaisha. Novemba ikaja na ile mvua yake ya ubavuni. Hakuna aliyebisha hodi isipokuwa mtu wa kusoma mita.

Alinisimulia haya pale kwenye ngazi, na mimi nikacheka mpaka chai ikanipalia.

"Lini walisema watakuja?"

"Mtu haulizwi lini, dada Amne. Ukimwuliza lini, unamdai."

"Kaka yangu, sikiliza. Hao watu wamekaa Uswidi miaka ishirini. Mtoto wao akitaka kucheza na wa jirani, mama zao wanapeana miadi kama wanakwenda kwa daktari wa meno. Wewe unataka wakugongee mlango bila taarifa?"

"Ni Warundi."

"Ni Warundi wa Rinkeby. Wanangoja uwaite."

"Niwaite? Waje kuniletea vitu?" Alinitazama kama nimemwambia akasimame sokoni na bakuli. "Siwezi."

"Basi endelea kula maharage ya harusi peke yako."

Akanyanyuka, akavaa kofia yake ngumu, akarudi barabarani. Alikuwa amekasirika. Nilimsikia anapuliza filimbi jioni ile kwa nguvu isiyohitajika.

Baada ya mwaka mpya, Jumapili moja, nikaona huu ni upuuzi, nikanunua sukari nikaenda. Natokea Tensta, treni ya bluu mpaka katikati, halafu ya kijani mpaka nusura nilale. Sikupiga simu. Nikabonyeza kengele.

Alifungua ameshavaa shati la kanisani. Hakushtuka. Alipokea ile sukari kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya meza kama taji. Sebuleni viti vimepangwa ukutani kuzunguka chumba chote.

"Kaka, nani kafa?" nikamwuliza.

"Ni vya wageni."

"Nikae kipi sasa? Nikichagua hiki, kile kitanuna."

Akacheka, akanitembeza. Akanionyesha chumba cha kulala, bafu, kabati la koti, dirisha linaloangalia msitu. Akafungua hata tanuri niione ndani. Nikasema nyumba nzuri. Tulikula, na kila ngazi za nje zilipolia miguu ya mtu, alikuwa anaacha kutafuna. Miguu inapanda, inapita, mlango wa jirani unafunguliwa, unafungwa. Anaendelea kutafuna.

Baada ya mara ya tatu nikaweka kijiko chini. "Piga simu. Sasa hivi, mimi nikiwa hapa. Mikael wako anataka jibu mwezi ujao, na wewe umekaa unasikiliza ngazi."

Sijui ni ile sukari au ni uchovu. Alichukua simu, akampigia Emérithe, akaweka sauti kubwa ili nisikie aibu yake yote.

"Papa Onesphore!" Emérithe alipiga kelele. "Tulidhani umetukimbia! Mume wangu Ludovic kila siku ananiambia, yule wa kaskazini anajisikia, hata kwa kikombe cha chai hataki kutuita."

"Mimi?" Onesphore akasema.

"Ndiyo wewe! Umehamia tangu lini? Tunasema, huyu ana siri gani nyumbani? Au ameficha mwanamke?"

"Mama Emérithe, nilikuwa nawangoja."

"Unangoja nini wakati hujatuambia siku? Mtu ataendaje tu kwa mtu? Haya, ngoja nitazame kalenda. Jumamosi hii kuna ubatizo. Inayofuata nina zamu nyumba ya wazee. Inayofuata tena Ludovic ana zamu ya basi... Tuseme Februari, Jumamosi ya pili. Nitawaambia wote."

Alipokata simu, Onesphore aliilaza kando ya sukari. "Ametazama kalenda," akasema, "kama mimi ni chanjo."

Lakini alifurahi. Wiki zile alikuwa mtu mwingine. Alikuwa ananiuliza wale Wakongo wanaosali nao wanapenda samaki wa namna gani, na kama Ludovic anakunywa au ameokoka. Nilimwambia mimi si wa kanisa lao, mimi na Ludovic hatujawahi hata kusalimiana, aulize mwenyewe. Mikael alipiga simu. Onesphore akamwambia amngoje kidogo, kwamba Jumamosi ya pili ya Februari atajua.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ikanyesha juu ya ardhi iliyoganda.

Watu wa nchi za joto wanadhani baridi ni baridi tu. Hapana. Kule Östersund baridi ikija imekuja, unavaa, unatoka. Ya Stockholm haina msimamo. Inaganda, inayeyuka, inaganda tena, na kuna siku mvua inatua ikageuka kioo papo hapo. Siku hiyo mji mzima ulikuwa umepakwa mafuta. Nilitoka Tensta natembea kama bata mwenye mimba, nimeshika kuta, nimeshika magari ya watu, na palipokosekana cha kushika nilimshika mzee mmoja Msomali ambaye naye alikuwa ananishika mimi. Mabasi yalikuwa yamesimamishwa. Treni zilikuwa zinatambaa.

Nikashuka Rågsved nikiwa nimejiandaa kuvunjika. Mguu wangu ukakanyaga mchanga.

Tangu mlango wa kituo, chini ya ngazi, mbele ya duka la mboga, mbele ya kinyozi, kwenye kile kimlima kibaya, mpaka penye jengo lake, kulikuwa na njia ya kahawia imemwagwa vizuri, pana ya watu wawili kupishana. Kwenye kona ya kimlima nikamkuta Onesphore mwenyewe, ndoo mkononi, amelowa mpaka kofia inachuruzika. Kule mitaani wanaweka masanduku ya mchanga na kokoto kwa ajili ya siku kama hizi, mtu yeyote anaweza kuchota. Alikuwa anachota tangu asubuhi. Mvua ikiusukuma, anarudia.

"Wamefika wangapi?" nikamwuliza.

"Wewe."

Tukasimama pale pamoja. Treni ikaja, watu wakatoka, wakasita mlangoni, wakauona ule mchanga, wakaufuata. Bibi wa Kiswidi na kigari chake cha kutembelea akamshika Onesphore mkono, akamwambia asante sana, Mungu akubariki, amekaa ndani siku nzima akiogopa kutoka. Wasichana wawili wakapita na keki ndani ya boksi. Baba na mtoto mabegani. Mtaa wote wa Rågsved ulipita kwenye njia ya Onesphore siku ile, na yeye alikuwa anatazama nyuso zao moja moja, na kila treni ilipoondoka alikuwa anasema, "Ijayo."

Halafu simu ikaanza kulia mfukoni mwake.

Ujumbe wa sauti wa kwanza ulikuwa wa Emérithe. "Papa, huku Rinkeby hata mbwa hatoki! Ludovic ameanguka mlangoni petu, goti limevimba kama papai. Tuahirishe, nitakutafutia tarehe nyingine nzuri. Tunakupenda sana." Nyuma ya sauti yake Ludovic alikuwa analalamika kuhusu barafu na ukoo mzima wa waliogundua Uswidi. Wa pili ukaja, wa tatu. Wote watakuja siku nyingine. Mmoja hakusema neno, alituma kile kidole gumba cha kuinuliwa juu, mpaka leo sijui alimaanisha nini. Onesphore aliusikiliza kila mmoja mpaka mwisho, hakuna aliokata, akiwa amesimama kwenye mvua.

"Twende tukale," akasema.

Sufuria lilikuwa limejaa. Alinipakulia mimi kama anawapakulia wote. Nilijaribu kuongea, nikasema si kosa lao, barafu ni barafu, goti ni goti. Alikubali. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Angalau kule baridi yenu isingewazuia watu," nikasema, nikitaka tu kumchekesha.

"Kule hakuna watu."

"Ndiyo, sasa?"

"Sasa, dada Amne, kule simngoji mtu." Alikuwa anafuta meza mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kufuta. "Nikirudi nyumbani, nimerudi. Nakula, nalala. Huku kila Jumapili nakaa na masikio mlangoni. Nimechoka masikio."

Jumatatu akampigia Mikael akamwambia anarudi.

Habari ikafika kanisani, sijui kwa mdomo wa nani. Siku moja kabla ya safari yake, jioni mapema, nilikuwa kwake namsaidia kufunga vyombo kwenye magazeti. Nje kulikuwa na ule uji wa kijivu wa kufika vifundoni, upepo, theluji ya maji inapiga dirisha, hali mbaya kuliko ile ya Jumamosi. Kengele ikalia.

Emérithe alikuwa mbele, na sufuria limefungwa kwa kanga. Nyuma yake Ludovic anachechemea na kreti ya bia begani. Nyuma yao ngazi zimejaa watu mpaka ghorofa ya chini, wazee, akina mama, vijana waliozaliwa hapa wanaojibu wazazi wao kwa Kiswidi, watoto wenye pua zinazovuja. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyetazama kalenda.

"Papa!" Emérithe akasema, ameshaingia. "Unaondoka bila kutuaga? Wewe ni mtu wa namna gani?"

Viatu vikawa mlima pale mlangoni. Viti vyote vikakaliwa, wengine wakakaa kwenye mabegi yaliyofungwa, wengine sakafuni. Wakapita vyumbani, wakafungua makabati, wakasema nyumba nzuri. Ludovic akasimama kwenye dirisha la msituni na chupa yake. "Nyumba nzuri hivi uliificha kwa nini? Ulikuwa unainenepesha uichinje Krismasi?" Watu wakacheka. Wakaimba kwa Kirundi, sauti nne, mpaka jirani akafungua mlango wake kusikiliza badala ya kugomba. Onesphore alikuwa amekaa katikati yao na mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona mtu amefurahi na kuumia kwa wakati mmoja namna ile, uso ulikuwa haujui ufuate kipi.

Baada ya sala Emérithe akasimama. "Mimi nasema hivi. Asiende. Papa Onesphore, baki. Kule una nani?"

"Abaki! Abaki!" wakaitikia.

"Mngekuja Novemba," Onesphore akasema.

Alisema taratibu, lakini mpaka watu wa mlangoni walisikia. Emérithe si mwanamke wa kunyamazishwa. "Na wewe ungetuita Novemba," akamjibu, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Onesphore akaja jikoni nilikokuwa naosha glasi. Akafunga mlango, akauegemea.

"Umewaona?" akaninong'oneza. "Wamejaa. Mikael naweza kumpigia kesho asubuhi kabla ya treni. Ataelewa. Niambie, nifanye nini?"

Ningeweza kumwambia abaki. Nilitaka kumwambia abaki. Katika mji huu ninazo ngazi nyingi za kudeki, na mtu mmoja tu wa kunywa naye chai juu yake. Lakini aliniuliza mimi kwa sababu alijua mdomo wangu hauna sukari.

"Leo wamekuja kwa sababu unaondoka," nikamwambia. "Watu wetu hapa wanajua kuja kwa mambo mawili, kuzika na kuaga. Wanayafanya vizuri, wasikilize wanavyoimba. Ukibaki, Jumapili watakukumbatia kanisani, watakwambia tutakuja, na watakwenda kwao kungoja uwaite. Na wewe hutawaita. Umewaita mara moja ukaumwa mwezi mzima."

"Naweza kujifunza."

"Unaweza?"

Alifikiri kweli. Nilimwona anafikiri, hakukimbilia jibu. Huko sebuleni walikuwa wameanza wimbo mwingine, na mtu alikuwa anaita jina lake.

"Hapana," akasema. "Nikimwita mtu nyumbani kwangu halafu nikamwona anatazama kalenda, naona kama nimekufa na ananitafutia siku ya kunizika."

Akajipangusa uso kwa taulo la vyombo, akarudi akaimba nao.

Asubuhi nilimsindikiza Stesheni Kuu. Wengine walisema watakuja, na ninaamini walitaka kuja, lakini ilikuwa siku ya kazi. Treni ya kaskazini ilichelewa kwa sababu ya theluji njiani, tukakaa kwenye benchi la baridi tukimalizia chai yake. Alinipa ile chupa yake ya chai nibaki nayo. Nikamwambia sina haja ya chupa ya mzee. Nikaichukua.

Treni ilipoingia akainua mabegi, akayashusha tena.

"Ukija Östersund usipige simu," akasema. "Gonga tu."

"Nisafiri siku nzima halafu nikute hupo?"

"Nitakuwepo, dada Amne. Niende wapi?"

Akapanda. Dirisha lake lilikuwa limeganda mvuke, akalifuta kwa kiganja, nikaona jicho moja na kipande cha kofia. Treni ikaondoka. Nikatazama saa, nikaona nimechelewa Vasastan, nikashuka chini kwenye treni ya mjini pamoja na wale wengine wote, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.